Kuteleza Si Kuanguka: Maisha ya Mathias Kiwanuka
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

   

Mhariri aliniomba niandike makala ya mafunzo kuhusu mwanamichezo yeyote ninayemtaka. Najua wengi mlitarajia nimwandike Eliud Kipchoge au McDonald Mariga. Hao mnawajua, na picha zao mmezibandika kwenye madaftari. Mimi nimemchagua mtu ambaye pengine hamjamsikia hata siku moja, tena wa mchezo ambao huku kwetu Kwale hauchezwi: mpira wa Kimarekani. Jina lake ni Mathias Kiwanuka.

Kwa nini yeye? Nitasema wazi, maana hakuna haja ya kuficha jambo ambalo shule nzima inalijua. Mimi ndiye yule kipa wa Msambweni.

KILICHONIPATA MSAMBWENI

Kwa wale wa Kidato cha Kwanza ambao hawakuwepo, kisa ni hiki. Muhula wa pili mwaka jana timu yetu ilifika fainali ya shule za kata ndogo. Zilikuwa zimebaki dakika chache, nasi tuko bao moja kwa moja. Mpira ukapigwa kutoka upande wa kulia, nikaruka, nikaudaka kwa mikono miwili. Nilikuwa nao kifuani kabisa. Mara nikasikia firimbi. Nikajua refa amepuliza, labda mtu ameotea. Nikautua mpira chini, nikarudi nyuma ili nije niupige.

Kumbe firimbi ile ilitoka kiwanja cha netiboli! Mshambuliaji wao hakuuliza swali. Akausukuma wavuni, mbili kwa moja, na mechi ikaisha hivyo.

Ndani ya gari, kutoka Msambweni hadi Ukunda, hakuna aliyeniambia neno. Heri wangenitukana. Jumatatu kwenye paredi nilikuta nimeshapewa jina jipya: Tua. "Tua, habari ya asubuhi?" "Tua, shika chaki hii, lakini usiitue!" Nilikaa nyumbani siku mbili nikisingizia homa, na niliporudi nikamwambia mwalimu wa michezo kwamba mimi na mpira basi.

Sasa, nina mjomba wangu ambaye ni mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Kwa miaka mingi amefanya zamu ya usiku. Kila ifikapo Februari, wageni kutoka Marekani humwomba awawashie runinga, kwa sababu fainali ya mpira wao, iitwayo Super Bowl, huanza kwa saa zetu yapata saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Hivyo ndivyo mjomba alivyoujua mchezo huo, akiwapelekea wageni kahawa huku jicho moja liko kwenye runinga. Alipousikia mkasa wangu alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaniambia hivi:

"Mjomba, wewe umeachia mpira tu. Kuna Mganda mmoja yeye aliachia mtu mzima mzima! Tena mbele ya Marekani yote. Na baadaye akawa bingwa."

Nilidhani ananitania. Nikaanza kumfuatilia mtu huyo. Haya hapa ndiyo niliyoyapata.

MCHEZO WENYEWE

Kabla sijaendelea ni lazima tuuelewe mchezo, kwani asiyejua maana haambiwi maana.

Timu ni mbili, kila moja ina watu 11 uwanjani. Mpira si wa duara, umechongoka ncha mbili kama dafu dogo. Uwanja wa kuchezea una yadi 100, yaani takriban mita 91, na kila mwisho kuna eneo la yadi 10 la kufungia. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, inapewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira ndani ya lile eneo la mwisho unapata alama 6, na ukiupiga teke ukapita kati ya nguzo baada ya hapo unaongezewa 1. Timu iliyokwama inaweza pia kupiga teke kutoka mbali, na hilo lina alama 3. Muda ni dakika 60, uliogawanywa mara nne.

Katika watu hao wote, watatu ndio wa kuwashika kichwani katika makala hii.

Wa kwanza ni mrushaji mkuu. Yeye hupokea mpira kwanza na kuamua aurushe kwa nani. Ni kama nahodha anayeshika usukani.

Wa pili ni mpokeaji wa pembeni. Huyu husimama mbali, karibu na mstari wa kando, kisha hukimbia mbio na kupiga chenga ili amponyoke anayemkaba na kuudaka mpira ulio hewani. Anatakiwa awe na kasi, mikono isiyotetemeka na moyo wa jiwe, maana mara nyingi anaudaka mpira huku anajua kuna mtu wa kilo 100 anakuja kumkumba. Tena sheria ya ligi yao inataka nyayo zote mbili ziguse ndani ya uwanja, la sivyo haihesabiwi. Huyu akidaka, anaimbwa. Akiangusha, anazomewa na watu elfu sabini.

Wa tatu ni mlinzi wa ukingoni. Kazi yake ni moja: kumfikia mrushaji na kumwangusha kabla mpira haujamfikia mpokeaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mathias Kiwanuka. Kwa hivyo ukitaka kuelewa maisha yake, tazama pande zote mbili: yeye huku anamkimbilia mrushaji, na mpokeaji kule anausubiri mpira. Sekunde mbili au tatu ndizo zinazoamua.

BABU ALIYECHUKULIWA MAHAKAMANI

Jina Kiwanuka waliosoma Historia watalikumbuka. Babu yake Mathias ni Benedicto Kiwanuka wa Uganda. Alizaliwa mwaka 1922, akatumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akasomea sheria London. Alikiongoza chama cha Democratic Party, na chama hicho kiliposhinda uchaguzi wa mwaka 1961 akawa kiongozi wa serikali. Tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Hakukaa sana. Uchaguzi mwingine ulifanywa Aprili mwaka huo huo, akashindwa, na Milton Obote ndiye aliyeipokea bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Mwaka 1969 alitiwa gerezani na serikali ya Obote. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alimwachilia, na mwaka huo huo akamteua Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kushika cheo hicho.

Mtu mwingine angeshukuru kwa cheo na kunyamaza. Mzee huyu hakunyamaza. Mnamo Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi. Akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumzuilia mtu namna hiyo, na mtu huyo aachiliwe. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu jijini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake mchana, wakamtia garini. Hakurudi tena. Aliuawa.

Wasomaji wenzangu, hebu fikirini. Jaji mkuu wa nchi nzima anachukuliwa mahakamani kwake kama mwizi wa kuku! Lakini sheria aliyoishika hakuiachia.

Mathias alizaliwa Indianapolis, Marekani, tarehe 8 Machi 1983, zaidi ya miaka kumi baada ya kifo hicho. Babu na mjukuu hawakuonana. Alichopata ni jina.

Hapa ndipo makala hii iliponishika moyo. Huku kwetu Udigoni mtoto hupewa jina la babu yake, na mimi babu yangu ndiye somo yangu. Alikuwa mvuvi wa Gazi, naye nilimkuta ameshatangulia mbele ya haki. Tangu udogo wangu nyanya ananiambia, "Somo yako akishika mshipi haachii." Sasa mtu mwenye somo wa namna hiyo anaitwaje Tua? Niliona kama nimelichafua jina la marehemu.

KUTOKA INDIANAPOLIS HADI NEW YORK

Mathias alisoma shule ya sekondari ya Cathedral huko huko Indianapolis, kisha akaenda Chuo cha Boston. Alikua akawa mrefu, karibu mita 2, na uzito wa kilo 120 hivi. Chuoni aliwaangusha warushaji mara 37 na nusu na kuweka rekodi ya chuo hicho. Msishangae nusu: walinzi wawili wakimwangusha mrushaji kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu.

Ligi kuu ya mchezo huo, NFL, ina klabu 32. Kila mwaka mwezi wa Aprili klabu hizo huchagua vijana kutoka vyuoni, mmoja baada ya mwingine, na klabu iliyochukua ubingwa huchagua mwisho. Mwaka 2006 jambo la ajabu lilitokea. Bingwa alikuwa Pittsburgh Steelers, na zamu yake ilikuwa ya 32. Lakini Steelers walikuwa wakimtaka sana mpokeaji wa pembeni aitwaye Santonio Holmes, wakaogopa hatafika hiyo zamu. Basi wakapatana na New York Giants: nyinyi tupeni zamu yenu ya 25, nasi tuwape yetu ya 32 pamoja na nyingine za nyuma. Giants wakakubali. Steelers wakamchukua Holmes, na Giants wakasubiri hadi 32, wakamchukua Kiwanuka.

Ni kama biashara ya soko la Ukunda: wewe unachukua papa mkubwa sasa hivi, mwenzako anasubiri apate changu na fungu la dagaa juu yake. Nani alipata hasara? Hakuna. Holmes aliudaka mpira wa ushindi katika Super Bowl ya tarehe 1 Februari 2009, huku vidole vya miguu vikigusa ndani kwa taabu, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Na Kiwanuka mtamwona.

SIKU ALIYOACHIA

Tarehe 26 Novemba 2006, akiwa katika msimu wake wa kwanza, Kiwanuka na Giants walikwenda Nashville kucheza na Tennessee Titans. Robo ya mwisho ilipoanza Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0. Mechi ilikuwa imekwisha, ama ndivyo walivyodhani.

Titans wakapata alama 7, kisha 7 nyingine. Zikiwa zimebaki dakika chache, ikawa 21 kwa 14. Titans walikuwa katika nafasi yao ya nne, ya mwisho, na walihitaji yadi 10. Wakishindwa, mpira ni wa Giants na safari ya nyumbani imeanza. Mrushaji wao, Vince Young, akashika mpira akitafuta wa kumrushia. Kiwanuka akampenya mlinzi wake, akamfikia, akamkumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa naye kabisa.

Na akamwachia.

Kwa nini? Alidhani Young ameshaurusha mpira. Katika mchezo ule, ukimwangusha mrushaji aliyekwisha kuurusha unaadhibiwa yadi 15, na adhabu hiyo ingewapa Titans nafasi nyingine. Kijana akataka kutii sheria, akafungua mikono. Kumbe mpira bado uko mkononi mwa Young! Young mwenyewe hakuuliza swali. Akakimbia yadi 19. Baadaye kidogo mpokeaji wa pembeni Brandon Jones akaudaka mpira ndani ya eneo la mwisho, ikawa 21 kwa 21. Sekunde 6 kabla ya mwisho Titans wakapiga teke la mbali, alama 3. Mechi ikaisha 24 kwa 21.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Yeye alidhani mpira umeshatoka, mimi nilidhani refa amepuliza. Yeye alikuwa ameshika, na mimi nilikuwa nimeshika. Tofauti ni kwamba mimi nilizomewa na shule moja, yeye alizomewa na jiji la New York, na picha za siku ile zikarudiwa kwenye runinga tena na tena.

Ningekuwa mimi ningesingizia homa. Yeye aliwakabili waandishi wa habari akaeleza alichodhani, na mechi iliyofuata akavaa jezi akaingia uwanjani.

MGUU, SHINGO, NA MPIRA WA KICHWANI

Msidhani baada ya hapo mambo yalimnyookea. Mwaka 2007 makocha walimhamisha nafasi, wakamfanya mlinzi wa safu ya pili. Ni kama mimi nitolewe golini niambiwe nicheze beki. Alikuwa ndiyo kwanza anaizoea kazi mpya, tarehe 18 Novemba, katika mechi na Detroit Lions, akavunjika mfupa wa mguu. Msimu wake ukaishia hapo.

Na msimu huo huo Giants wakafika Super Bowl! Tarehe 3 Februari 2008 walikutana na New England Patriots, ambao walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Ikibaki kama dakika moja, Giants wako nyuma 14 kwa 10, mrushaji Eli Manning aliwaponyoka walinzi waliokuwa wameshaishika jezi yake, akaurusha mpira mbali. Mpokeaji wa pembeni David Tyree akaruka akaudaka, na alipopokonywa mkono mmoja akaubana mpira kwenye kofia yake ngumu, akaanguka nao vivyo hivyo. Haukugusa chini. Muda mfupi baadaye Plaxico Burress, mpokeaji mwenzake, akadaka wa ushindi. Ikawa 17 kwa 14.

Tyree hakuwa nyota. Msimu ule mzima wa kawaida alikuwa amedaka mara 4 tu, na katika mazoezi ya mwisho kabla ya fainali aliangusha mipira kadhaa. Aliyeangusha Ijumaa ndiye aliyedaka Jumapili.

Kiwanuka alipata ubingwa huo akiwa majeruhi. Mwaka 2008 mwenzake Osi Umenyiora aliumia goti kabla msimu haujaanza, Kiwanuka akarudishwa nafasi yake ya zamani ukingoni, akawaangusha warushaji mara 8. Mwaka 2010 akaanza vizuri tena, mara 4 katika mechi 3, kisha madaktari wakagundua ana tatizo katika uti wa shingo. Hilo si jambo la mzaha. Kwa mchezaji wa kugongana, shingo ni uhai. Akakaa nje msimu wote uliobaki. Wengi wangeaga. Yeye alijiuguza, akarudi mwaka 2011.

MWENDA TEZI NA OMO

Wahenga hawakukosea waliposema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Super Bowl iliyofuata ya Giants, tarehe 5 Februari 2012, ilifanyika wapi? Indianapolis! Mji ule ule alikozaliwa Kiwanuka na kusoma shule. Na wapinzani? Patriots wale wale.

Hii ndiyo mechi aliyoitazama mjomba kule Diani. Ananiambia wageni walikuwa wamejipanga pande mbili, wengine wa New York na wengine wa Boston, na kahawa ikasahaulika mezani ikapoa.

Zikibaki kama dakika 4, Patriots walikuwa mbele 17 kwa 15. Mpira ukaenda kwa mpokeaji wao Wes Welker. Huyu ndiye aliyekuwa amedaka mipira mingi kuliko wote katika ligi msimu ule, mara 122. Akageuka, akanyosha mikono yote miwili, mpira ukamgusa vidole ukaanguka. Mtu wa 122, na wa 123 ukamponyoka! Hapo nilijua hakuna mkono usioteleza duniani.

Giants wakapata mpira wakiwa kwenye yadi ya 12 ya upande wao, zikibaki dakika 3 na sekunde 46. Manning akaurusha mbali upande wa kushoto. Mpokeaji wa pembeni Mario Manningham alikuwa amebanwa na walinzi wawili, na mstari wa kando uko hapo hapo. Akaudaka begani, akagusisha nyayo mbili ndani, ndipo akasukumwa nje. Yadi 38. Kocha wa Patriots akaomba marefa wautazame tena kwenye picha. Wakautazama: nyayo mbili ndani. Sekunde 57 kabla ya mwisho Ahmad Bradshaw akaingia na mpira eneo la mwisho, na mechi ikaisha 21 kwa 17.

Safari hii Kiwanuka hakuwa majeruhi. Alikuwa uwanjani na jezi yake, katika mji wa kwao. Mjomba anasema alipigia meza kofi akasema kwa sauti, "Mganda huyo!" Wageni wakamtazama wasielewe. Mathias alizaliwa Marekani, ni kweli, lakini mjomba hasikii. Kwake yeye mjukuu ni wa kwa babu yake.

Kiwanuka aliendelea na Giants hadi Machi 2015. Misimu tisa klabu moja, kuanzia 2006. Kijana aliyeambiwa siku ile ya Nashville kwamba hafai!

Nawaongezea jambo moja la kujivunia. Mwaka 2013 klabu ya Indianapolis Colts, ya mji ule ule, ilimsajili Daniel Adongo, kijana wa Nairobi aliyekuwa mchezaji wa raga. Alikuwa hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani hata mara moja. Kabla mwaka haujaisha aliingia uwanjani, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Kwa hivyo msiseme mambo haya ni ya watu wengine.

TUNAJIFUNZA NINI?

Siku moja jioni nilimsomea nyanya habari hizi zote, nikimtafsiria pale penye ugumu. Alisikiliza huku akikuna nazi. Nilipomaliza nikamwambia, "Nyanya, mimi nimeliharibu jina la somo yangu. Yeye hakuachia mshipi, mimi nimeachia."

Akaacha kukuna, akanitazama. "Nani kakwambia hakuachia?"

"Si wewe mwenyewe!"

"Mjukuu wangu wee. Samaki wangapi walimponyoka! Kuna siku alirudi na kapu tupu na kidole kimekatwa na mshipi, akawa hasemi na mtu. Lakini alfajiri yake nikisikia mlango, ni yeye anakwenda pwani. Huko ndiko kutoachia ninakokusema."

Basi, wasomaji, ndilo fundisho nililolipata, na ndiyo sababu ya makala hii. Kuteleza si kuanguka. Mkono wa kila mtu huteleza: wa Welker wa mipira 122, wa Tyree siku ya Ijumaa, wa Kiwanuka kule Nashville, wa somo yangu kule Gazi. Jina la babu halilindwi kwa kutokosea. Linalindwa kwa kurudi kesho yake.

La pili, tukimzomea mwenzetu tujue tunazomea nini. Kiwanuka hakuachia kwa uvivu. Aliachia kwa kuogopa kuvunja sheria. Mimi nami nilitua kwa kusikia firimbi. Ukiniita Tua sitakasirika tena, lakini kumbuka nawe firimbi yako iko kiwanja gani sijui, itakuja.

La tatu ni la makipa wenzangu peke yao: usitue mpira mpaka umemwona refa kwa macho.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwalimu wa michezo. Nilimkuta anahesabu koni. Hakunihutubia. Alinitupia glavu, akasema, "Umechelewa, kimbia raundi mbili." Nikakimbia tatu.

Kalamu yangu inaishiwa wino. Kwaherini, tuonane kiwanjani.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja kazi ya mrushaji mkuu, mpokeaji wa pembeni na mlinzi wa ukingoni. Ni yupi kati yao unaona ana kazi ngumu zaidi? Toa sababu.
2. Kwa nini Kiwanuka alimwachia Vince Young? Je, lilikuwa kosa la uzembe? Jadili.
3. Giants walikuwa yadi ya 12 ya upande wao, Manningham akadaka mpira wa yadi 38. Je, walifika sehemu gani ya uwanja?
4. Linganisha maana ya "kutoachia" katika maisha ya Benedicto Kiwanuka, ya mjukuu wake na ya babu wa mwandishi.
5. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Kuteleza si kuanguka.

MSAMIATI

Kuotea: kuwa mbele ya walinzi wa upande wa pili kinyume cha sheria wakati unapopigiwa mpira.
Mshipi: uzi wa kuvulia samaki.
Ngama: sehemu ya chini ndani ya chombo ambamo maji hujikusanya.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo cha baharini.
Somo: mtu ambaye jina lako na lake ni moja.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini.
Yadi: kipimo cha urefu, pungufu kidogo ya mita moja.